Besi Isiyokoroma

Jumapili, 5 Oktoba

Nimechoka. Nianzie hapo, maana ndipo siku zangu zote zinapoanzia. Ila uchovu wa leo ni wa halali: vumbi la mbao limejaa kwenye nywele na mgongo unaniuma kwa kazi niliyoitaka mwenyewe.

Nilikuwa Spånga kwa Alphonse tangu saa nne asubuhi. Alphonse ni seremala, Mkongo wa Bukavu, na chini ya nyumba anayopanga ana chumba chenye msumeno wa meza na harufu ya gundi. Tunaunda sabufa. Sizungumzii yale maboksi ya dukani yenye taa za buluu. Yale yanakoroma, na mimi nimekoromewa vya kutosha. Tangu ujana wangu Tanga, kila harusi niliyohudhuria, besi ikifika unasikia boksi likilalamika badala ya gitaa. Mimi nataka besi nene, ya chini kabisa, ikugonge kifuani, na bado usikie kidole cha mpigaji kikiuachia uzi. Nimeitamani miaka thelathini. Wenzangu walitamani viwanja Kigamboni.

Daftari hili ni la kazini, nimelichukua la ziada. Kazi yangu ni feni, zile kubwa za juu ya mapaa zinazosukuma hewa kwenye majengo ya ofisi. Mwaka wa ishirini na mbili huu, hapa kwa Waswidi. Fundi wa feni husikiliza. Unaweka ncha ya bisibisi ndefu kwenye beringi, pale ekseli inapozungukia, mpini unaubana kwenye mfupa nyuma ya sikio, na beringi inakwambia imebakiwa na miezi mingapi.

Nimerudi nyumbani Hallunda nikakuta barua ya kazini. Kipimo cha masikio, tarehe 30. Nimeitia jikoni, kwenye droo ya miiko. Naandika hapa kwa kuwa hakuna anayesoma: naogopa. Kuna sauti ambazo zamani nilizisikia na sasa nazikumbuka tu. Fundi asiyesikia hupelekwa stoo kupanga vichujio vya hewa, na mimi nina miaka hamsini na nane. Sitaki kumalizia maisha yangu stoo.

Jumatano, 8 Oktoba

Mvua. Mapaa manne. Mke wangu Nasma kaniuliza barua ilikuwa ya nini, nikasema ya bima.

Jumapili, 12 Oktoba

Tumegundisha. Ubao wa mbetula, mti mgumu wa huku, unene wa vidole viwili, na ndani mbao za kukazia zimepishana ili kuta zisitikisike. Spika mbili kubwa zimepeana mgongo kwenye pande mbili za boksi, hii ikisukuma kulia ile inasukuma kushoto, na boksi lenyewe linatulia. Alphonse anasema kwao Bukavu jeneza lenyewe halipati mbao nzuri hivi. Nikamwambia basi mtanizikia humo. Tukacheka mpaka gundi ikaanza kukauka kabla hatujakaza vibano.

Jumamosi, 18 Oktoba

Leo nitaandika kirefu, uchovu usubiri.

Alphonse alilileta boksi kwa gari lake la kazi. Tulilibeba watu watatu, mimi, yeye, na Gervas, Mhaya wa Bukoba anayekaa jengo la pili na ambaye hajawahi kukosa mahali penye chai. Lilipoingia sebuleni Nasma alisimama mlangoni, mikono kiunoni.

"Baba Kamila, hilo ni redio au ni friji?"

"Subiri usikie."

"Nasubiri. Na majirani nao?"

Nilishawafikiria. Chini yetu ni chumba cha baiskeli, juu yetu ni paa, na nimejiwekea sheria: mwisho saa kumi na mbili jioni. Miguu ya boksi ni ya mpira mzito, ule tunaowekea feni.

Tuliunganisha, pamoja na spika zangu mbili ndogo za zamani za sauti za juu. Nilichagua dansi ya zamani, rumba ya polepole iliyorekodiwa kwa kanda nisiyojua hata nani alipiga. Nikafungua sauti kidogo kidogo. Mwanzoni nilidhani hakuna kitu. Halafu besi ikaingia.

Sijui niandikeje. Haikutoka kwenye boksi. Ilikuwa tu mle chumbani, kana kwamba ilikuwepo tangu asubuhi tukawa hatujaiona. Ilinishika chini ya mbavu, ikapanda kifuani, suruali ikatetemeka kwenye mashavu ya miguu. Nikatoa sarafu ya kroni kumi nikaisimamisha kwa ubavu juu ya boksi. Vioo vya dirisha vinatikisika, na sarafu imesimama! Hakuna mkoromo, hakuna mkwaruzo. Gitaa la besi likishuka, unashuka nalo ngazi kwa ngazi, na kila ngazi unaijua kwa mguu.

Alphonse alifumba macho. "Vrai de vrai, kweli kabisa," akasema. "Ile mutu iko anapiga mu nyumba yetu."

Nilikuwa natabasamu peke yangu kama mtu aliyeokota kitu. Nilimwona Nasma akinitazama mimi, hatazami boksi. Akatabasamu naye, akaenda kuweka chai.

Jumatatu, 20 Oktoba

Kitu kimoja tu hakijakaa sawa. Chini ni safi, lakini juu kumepwaya. Matoazi hayapo, na waimbaji wanaimba kama waliofunikwa blanketi. Kanda za zamani ndivyo zilivyo. Nimeongeza sauti za juu kidogo kwenye amplifaya.

Jumapili, 26 Oktoba

Wamerudisha saa nyuma. Saa kumi na nusu jioni jua limeshaaga. Nimeongeza sauti za juu tena. Sasa matoazi nayasikia, kwa mbali.

Kamila yuko nyumbani wikiendi hii. Anasoma uuguzi Flemingsberg na anakaa na wenzake huko huko. Alipita sebuleni, akakunja uso.

"Pappa, det skär i öronen!"

Eti inakata masikio. Watoto wa siku hizi wanashinda na vidude vya muziki ndani ya masikio kutwa kucha, halafu anakuja kunifundisha mimi, mtu wa beringi. Nikamwambia aongee Kiswahili. Akasema jambo jingine kwa sauti ya chini, sikulidaka. Watu wote wa nyumba hii wameanza kutafuna maneno.

Alhamisi, 30 Oktoba

Leo ndiyo ilikuwa siku ya kipimo. Nilipiga simu asubuhi nikasema nina mafua. Wamenipa Jumatatu ya tarehe 24 Novemba. Niliweka simu chini nikajisikia kama mwanafunzi aliyetoroka. Kisha nikajisikia mzee.

Jumanne, 4 Novemba

Giza, mvua, mapaa matano. Nikirudi naketi mbele ya sabufa saa nzima kabla sijavua hata soksi. Ndiyo saa pekee ya siku ambayo sichoki. Kazini watu wananiambia mambo natikisa kichwa tu. Besi haihitaji nitikise kichwa.

Nasma haketi tena sebuleni. Anapika, anakunja nguo, ana shughuli jikoni hata kama hakuna cha kupika. Na siku hizi anavaa mtandio hata ndani, umekaza masikioni. Nikamuuliza, akasema baridi. Nimeongeza moto wa rejeta, lile bomba la joto la ukutani.

Jumamosi, 8 Novemba

Nimealika watu. Nasma alipika pilau ya nyama ya ng'ombe na kachumbari, Kamila akaja kusaidia. Wageni walikuwa kumi: Alphonse na mkewe Maombi, Gervas na Veronica wake, na wengine wa chama chetu cha kuzikana. Niliwaketisha kwenye kochi, mahali penyewe, nikawapigia.

Wamesifu! Gervas alisema, "Kaka, hapa umefika. Hata ukumbini hakuna kitu hiki." Veronica akasema muziki unasikika mpaka kwenye mifupa. Maombi akapiga makofi. Mmoja mmoja walitoka kwenda roshani kupunga hewa, wakarudi, wakatoka tena. Nadhani moto wa rejeta ulizidi. Alphonse peke yake hakusema neno, na akaondoka mapema, anasema ana kazi ya kanisa asubuhi. Hilo limenikera. Boksi ni la mkono wake, angesema chochote.

Lakini nimelala nimefurahi. Miaka mingapi sijasifiwa kwa kitu?

Jumapili, 9 Novemba

Nimelala mchana kutwa.

Alhamisi, 13 Novemba

Nitaandika yote, hata yale ya aibu.

Jumatatu nilikagua feni ya jengo moja la ofisi, ghorofa saba, wateja wetu wa zamani. Nilipanda, nikaweka bisibisi kwenye beringi, nikasikiliza. Nilisikia ngurumo ya kawaida, ya chini, imetulia. Hata niliipenda, ilinikumbusha sabufa. Nikaandika kwenye daftari la mashine: nzima.

Leo saa tano beringi imekatika. Ekseli imekwaruzika, mkanda umeungua, moshi umeingia kwenye mabomba, kengele zote zimelia, na watu mia mbili wamesimama barabarani kwenye theluji chepechepe bila makoti. Hakuna aliyeumia, alhamdulillahi. Nilipofika, mwanamke mmoja wa ghorofa ya saba alikuwa anamweleza zimamoto. Alisema tangu wiki iliyopita kuna kitu kinapiga yowe juu ya paa, sauti nyembamba, kali, kama mtu anakata bati. Akasema walidhani kuna ujenzi.

Wiki iliyopita. Na mimi Jumatatu nilisimama pale, chuma kimegusa fuvu langu, sikusikia yowe lolote.

Ijumaa, 14 Novemba

Rebecka, mkubwa wangu wa kazi, kaniita ofisini. Ni mdogo kwangu kwa miaka ishirini na haijawahi kunisumbua. Kanisomea nilichoandika Jumatatu. Kaniuliza kwa Kiswidi cha polepole, kile anachotumia akitaka nielewe kila neno: "Ulisikiliza, Khalfan?"

Nikasema nilisikiliza.

"Ukasikia nini?"

Nikasema beringi za aina ile hufa ghafla. Ni uongo, na yeye anajua. Hakuna beringi inayokufa bila kupiga kelele kwanza. Kasema mpaka nipimwe nitakaa stoo, na kipimo hakiahirishwi tena.

Nyumbani nilipitiliza sebuleni. Nilifungua sabufa. Besi ilikuwa safi vilevile, haikujua lolote.

Jumapili, 16 Novemba

Nilikwenda Spånga. Nilitaka mtu wa kumlalamikia, nikaanza na Alphonse mwenyewe: kwa nini aliondoka mapema siku ya wageni, kwa nini hakusifu.

Alizima msumeno. Akapangusa mikono kwenye aproni, polepole, kidole kimoja kimoja.

"Papa Kamila, mi ntakuambia kweli juu uko ndugu yangu. Besi iko safi. C'est propre, hata mu studio sijaonaka vile. Lakini ile ya juu, mon frère, inachoma. Inaingia mu masikio kama sindano. Siku ile bantu boote walikuwa banaenda ku balcon. Mu baridi ya novemba! Uliwaza banafwata nini kule?"

"Mbona hamkusema?"

"Tungesema je? Mutu amekupikia pilau, amekukalisha ku kochi yake, we umwambie muziki yake mubaya?" Akashusha sauti, nikalazimika kumtazama midomo. "Mi nilinyamaza juu nilijua haiko muziki. Iko masikio yako. Nikaogopa kukuambia mbele ya bibi yako."

Nilikasirika. Nilimwambia amekuwa daktari lini. Nilichukua koti nikaondoka bila kuaga, na nilipofika stesheni nikakaa kwenye benchi nikaacha treni mbili zipite. Nilikuwa nawahesabu wageni. Kumi. Wote walikula, wakasifu, wakatoka nje kupumzisha masikio, wakarudi wakasifu tena. Hata mimi ningefanya hivyo. Tumelelewa hivyo, mgeni hatii doa nyumba alimokula pilau. Nilichukia adabu yetu kwa mara ya kwanza maishani.

Nilifika nyumbani saa tisa na nusu, giza linaanza. Nasma alikuwa jikoni, mgongo kwangu, anachambua mchele. Mtandio umekaza. Nilimwita, hakugeuka. Nikamwita tena. Nilipomgusa bega alishtuka, mchele ukamwagika, na mtandio ukateleza.

Alikuwa na pamba masikioni, tayari kwa saa yangu ya muziki. Vipande viwili vyeupe, vimekandwa vizuri, kama vya mtu aliyezoea.

Nikauliza tangu lini.

Akavitoa kimoja kimoja. "Tangu ulipoongeza ile mara ya pili. Oktoba."

"Wiki tatu, Nasma! Kwa nini hukuniambia?"

"Ungeizima."

"Si ndiyo ningeizima!"

"Ndiyo maana." Akaanza kuokota mchele mezani, punje kwa punje, hanitazami. "Miaka yote hii ukirudi kazini unakaa kwenye kiti kama mzigo ulioshushwa. Siku ile lilipoingia hilo friji lako ukacheka. Mimi nilisema, acha apige. Pamba ni bei gani?"

Kisha akanyanyua macho. "Na barua haikuwa ya bima. Niliikuta wakati natafuta mwiko. Nikasema ataniambia mwenyewe."

Nililia. Naandika hivyo hivyo, fundi wa feni wa miaka ishirini na mbili amelia mbele ya mchele. Wiki zote hizi namwona anatafuna maneno, anakimbia sebule, ananichoka. Kumbe mimi ndiye niliyemfukuza nyumbani kwake, na yeye akajiziba masikio ili nisijue.

Jumatatu, 17 Novemba

Stoo. Vichujio mia nne. Jioni nimempigia Alphonse kuomba radhi. Kasema, "Haina shida, Papa Kamila," kwa sauti kubwa kabisa.

Jumatatu, 24 Novemba

Nimepimwa. Ni kibanda kidogo chenye kioo, unavishwa visikizio, unapewa kitufe, ukisikia sauti unabonyeza.

Zilianza za chini. Nilibonyeza, nikabonyeza, zote nazijua, nikaanza hata kujipa moyo. Zikapanda. Kisha kukawa kimya kirefu. Nilidhani mashine imeharibika. Nikamtazama dada anayenipima, nyuma ya kioo, nikaona mkono wake bado unabonyeza, unaandika, unabonyeza.

Alinionyesha mchoro. Mstari unakwenda sawa, sawa, halafu unaanguka ghafla. "Upande huu wa besi," akasema, "masikio yako ni ya kijana." Upande wa pili hakuusemea mengi. Ni kelele za feni za miaka yote, na kilichokwenda hakirudi. Vifaa vya masikio vitakuja Januari. Vitasaidia maneno. Yowe la beringi, akasema, tusiahidiane.

Ijumaa, 5 Desemba

Rebecka amenunua kifaa cha kupimia mtikisiko wa beringi. Kinaonyesha namba kwenye kioo, sikio halihitajiki. Nitakitumia mapaani mpaka majira ya kuchipua, nikiwa na mwenzangu wa kusikiliza. Baada ya hapo tutaona. Nilimwambia kwamba Jumatatu ile sikusikia chochote na kwamba nilijua sisikii. Akasema asante. Nilishuka ngazi nimechoka kuliko siku zote, ila bila uongo wa kubeba.

Jumamosi, 13 Desemba

Theluji imekaa. Madirisha yote ya jengo la mbele yana mishumaa ya umeme.

Tangu siku ya mchele sijawasha sabufa. Leo baada ya adhuhuri nilimwita Nasma sebuleni nikamweka kwenye kochi, mahali penyewe, nikampa rimoti.

"Itengeneze wewe," nikasema. "Kwa masikio yako."

"Mimi najua nini mambo ya redio?"

"Unajua kinachokuumiza. Punguza mpaka kisikuumize."

Niliweka ile rumba. Alikunja uso kama Kamila, akaanza kupunguza sauti za juu. Nilisimama kando ya boksi, mkono juu ya ubao. Alipobonyeza mara ya kwanza matoazi yakaenda. Akabonyeza. Magitaa mawili ya mbele yakafifia, kisha likabaki moja, kisha nalo likaenda. Akabonyeza tena. Waimbaji walirudi chini ya blanketi, wakaimba huko kidogo, wakanyamaza. Nilitaka kumwambia basi, inatosha, niachie japo mmoja. Nilifunga mdomo.

Ikabaki besi. Imesimama peke yake mle chumbani, nene, safi, inashuka ngazi zake. Sarafu ya kroni kumi bado ilikuwa juu ya boksi tangu Oktoba, imesimama.

Nikamuuliza kama imekaa sawa.

Nasma anajua sauti yake hainifikii muziki ukipiga. Aliingiza vidole chini ya mtandio, akatoa pamba ambayo sikujua kuwa ameirudisha, ya kulia kisha ya kushoto, akaziweka kwenye kisosi. Akafumba macho akasikiliza wimbo wote, mpaka mwisho, midomo yake ikifuata maneno ambayo mimi sikuyasikia. Kisha akasogea upande mmoja wa kochi akapapasa mahali palipobaki, nikaenda nikakaa.